Fungurume hadi Kinshasa: ndege ni saa mbili, safari je?

Kila mara kanisa linapomtuma mtu Kinshasa, kwa mkutano au kwa matibabu, tunaulizwa: kwa ndege ni muda gani? Wengi hujibu, saa mbili na dakika kidogo. Kwa ndege yenyewe ni kweli. Kwa msafiri wa Fungurume jibu hilo limeshatugharimu.

Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni karibu kilomita 1,570, zikipimwa angani kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti ikiwa juu huenda kama kilomita 800 kwa saa, na kupaa na kutua huongeza dakika zake. Lakini sisi hatukai Lubumbashi. Kufika uwanja wa Luano tuna kilomita zipatazo 200 za barabara, tukipita Likasi, nyuma ya malori ya shaba na kobalti. Kolwezi ni karibu zaidi, kama kilomita 100, nako kuna uwanja. Uliza kwanza siku za ndege.

Mama mmoja wa kwaya yetu alipaswa kumwona daktari Kinshasa. Tulichanga tiketi kwa miezi mitatu. Ndege ilikuwa ya saa 2 asubuhi, naye akatoka hapa saa 8 usiku, tukaona inatosha. Kabla ya Likasi lori lilikuwa limeanguka, limelala katikati ya njia. Alifika Luano saa 3. Shirika la ndege halikurudisha hata franka moja.

Tena kuna jambo la saa, linalowachanganya hata wasomi. Kongo ina majira mawili: Lubumbashi na Lualaba yetu wako mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukiondoka Luano saa 4 asubuhi, baada ya saa mbili angani saa yako inasema saa 6, lakini Kinshasa ni saa 5. Kurudi ni kinyume: toka Ndjili saa 4, utatua Luano saa 7. Ndege haikuchelewa. Tiketi huandika kila uwanja kwa saa ya mahali pake, basi anayekuja kukupokea asome saa ya Lubumbashi.

Wazee wetu wangecheka kusikia tunalalamika. Tangu mwaka 1928 reli ilipofika Ilebo, aliyekwenda Kinshasa alipanda gari moshi, akapita Tenke hapa jirani, Kamina na Kananga, kisha Ilebo akaingia katika meli ya mto Kasai. Reli iliishia pale, na mpaka leo haijaunganishwa na Kinshasa. Ndiyo maana hata mtu wa kipato kidogo hulazimika kutafuta tiketi ya ndege.

Kwa hiyo sasa tunahesabu hivi: siku moja ya barabara, usiku mmoja Lubumbashi, ndipo ndege. Mchango uwe na chakula na nauli ya gari, si tiketi peke yake. Mama yetu amepata tarehe nyingine kwa daktari, siku ya Jumatano. Ataondoka Jumatatu asubuhi, alale kwa mdogo wake Lubumbashi, apande ndege Jumanne. Tiketi tumeshalipa nusu.