FILIERE MPYA KATIKA UNIVERSITE YA LETA: INATOKA WAPI?



Kila mwaka, wakati matokeo ya Exetat yanatoka, sisi wafinaliste tunaanza kukimbia huku na huku na karatasi mkononi. Kwenye kuta za universite kumebandikwa matangazo: filiere hii, filiere ile, na zingine majina yake ni mapya kabisa. Wengi wanachagua jina lenye kulia vizuri katika sikio. Wachache tu wanauliza: Leta imekubali filiere hiyo, ao bado? Na ile ndiyo swali kubwa. Diplome ya filiere isiyokubaliwa inaweza kukwama siku unapoomba kazi ya Leta, ao unapotaka kuendelea na masomo mahali pengine. Miaka imepita, minervali imelipwa, wazazi wameuza mbuzi.

Basi, njia yenyewe iko hivi. Wazo linazaliwa chini, katika departema. Walimu wanaandika sababu ya filiere, masomo yake, na kazi ambayo mwanafunzi ataweza kufanya kisha. Baraza la fakulte linasoma, linakosoa, pengine linarudisha. Kisha Baraza la Universite, lenye rekta ndani yake. Kutoka hapo karatasi zinapanda kwa Baraza la Utawala, lenye kusimamia universite za Leta kwa pamoja, na mwisho zinafika Kinshasa, kwa Ministeri ya Masomo ya Juu. Huko kuna Komisyo ya Kudumu ya Masomo, yenye kuchunguza programu. Wakiridhika, Waziri anatia sahihi kwenye arete. Bila arete, hata rekta mwenyewe hana ruhusa ya kufungua mlango.

Wanachunguza nini? Kwanza walimu. Hapa ndipo pagumu, tukae kidogo. Katika universite kuna asista, kuna shefu wa travo, kisha maprofesa wa ngazi tatu. Asista anaweza kuongoza mazoezi, lakini kozi kubwa ni ya profesa. Sasa katika majimbo yetu maprofesa ni wachache, na universite nyingi zinaazima wageni kutoka Kinshasa, Lubumbashi ao Kisangani. Mgeni anakuja siku chache, anafundisha asubuhi mpaka jioni, anarudi. Kwa karatasi filiere iko na walimu. Kwa kweli darasa liko tupu miezi. Sisi tunaona Leta ingepaswa kuwa kali zaidi hapo kuliko penginepo. Yule mtu wa mnara katika Luka 14 alipaswa kuhesabu gharama mbele ya kuweka msingi. Mengine ni laboratware, vitabu, vyumba.

Tena kuna hesabu ya krediti. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu iliingia kabisa katika mpango wa LMD: lisansi miaka 3, krediti 180, masta miaka 2, krediti 120. Mwaka mmoja ni krediti 60. Zamani ilikuwa gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Kwa hiyo hata filiere za zamani zilipaswa kuandikwa upya, si mpya peke yake.

Mkono huu wa Leta si jambo la jana. Universite ya Kisangani ilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963. Mwaka 1971 Leta iliiunganisha na ile ya Kinshasa na ile ya Lubumbashi kuwa moja, UNAZA, na kugawanya fakulte: saikolojia kule Kisangani, fasihi Lubumbashi. Mwanafunzi alipaswa kufuata fakulte yake pale ilipohamia. Mwaka 1981 zikaachana tena kuwa tatu. Leo sheria kubwa ni nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, na kila mwaka Waziri anatoa Instruksyo Akademiki yenye maagizo ya mwaka ule.

Sasa, ukifika kwenye biro ya kujiandikisha, uliza kwa heshima nambari na tarehe ya arete. Linganisha jina la filiere katika arete na lile la tangazo, neno kwa neno, maana wakati mwingine arete ni ya filiere nyingine yenye jina la karibu. Mwandishi wa biro akisema «iko njiani», usitoe franga siku ile. Uliza iko kwenye hatua gani: fakulte, Baraza, ao Kinshasa.