Kompyuta ya Chama: Tulichonunua na Tulichoacha

Diski ya kompyuta ya chama ilianza kugonga mwezi wa Novemba. Tik, tik, kimya, halafu tik tena. Wale miongoni mwetu wanaosoma Kista walisikia mara moja wakasema, zimeni sasa hivi. Wengine tulidhani ni bomba la joto ukutani.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na saa zaidi ya sitini za sauti: wazee wa Rinkeby, Fittja na Spånga wakisimulia kwa Kiswahili cha kwao. Bibi mmoja, mzaliwa wa Bukavu, amefariki tangu tumrekodi. Sauti yake haikuwa na nakala. Tunaliandika hili kwa aibu, ili walimu wetu wasitusikie kwa watu wengine.

Basi kabla ya kununua hata skrubu moja, tulinunua diski ya nje tukahamisha kila kitu usiku mzima. Faili mbili ziligoma. Ya bibi ilipita.

Asubuhi yake ndipo mabishano yalipoanza. Mashine ile tulipewa na mjomba wa mwenzetu. Prosesa yake ni Intel i5-7500, ya mwaka 2017, yenye viini vinne. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa huku Ulaya watumiaji wa nyumbani waliongezewa mwaka mmoja wa ulinzi. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache mno, na yetu ni ya saba. Tulifikiri tutachomoa ya saba tuchomeke ya nane. Haiwezekani. Soketi zote mbili zina idadi ileile, 1151, lakini ubao mama wa zamani haiukubali prosesa mpya. Hapo tukaelewa kwamba prosesa na ubao mama ni kama sahani na kawa: huchagui kimoja bila kukiangalia kingine.

Tulikuwa na krona 4,000, faida ya maandazi na sambusa za muhula mzima. Wapenzi wa michezo walitaka kadi kubwa ya michoro. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: kadi hiyo huharakisha programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi. Lakini tulikwisha kuijaribu programu moja kwa Kiswahili cha Bukavu, nayo ilitunga maneno ambayo bibi hakuyasema. Kwa hiyo kazi ya kuandika bado ni ya masikio yetu. ELAN na Audacity, tunazozitumia kila siku, hazihitaji kadi. Kadi ikaachwa. Kuna wanachama wawili ambao bado wamenuna.

Kilichoamua mambo ni ramu. Mwishoni mwa 2025 bei yake ilipanda vibaya, kwa kuwa viwanda vilielekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde. Soketi mpya ya AMD, AM5, inakubali DDR5 tu. Sisi tulikuwa na jigabaiti 16 za DDR4 bure ndani ya mashine ya mjomba. Tukarudi nyuma hatua moja, tukachagua AM4 ili ramu ile iendelee kutumika. Aliyekwambia cha jana hakifai hakuwa ananunua kwa pesa ya maandazi.

Kwenye prosesa tuliponea chupuchupu. Ryzen 5 5600 na 5600G zina viini sita kila moja, lakini ile isiyo na G haina uwezo wa kuonyesha picha bila kadi. Tulikuwa tumeshaiagiza isiyo na G. Kwa bahati, sheria ya Sweden inakupa siku 14 za kubadili nia ukinunua mtandaoni, na dukani tuliagiza mtandaoni. Tukairudisha.

Kwenye ubao mama hatukupona. Tuliununua mkononi mwa mtu, B450 ya bei nafuu, tukaufunga, tukabonyeza: feni zinazunguka, skrini nyeusi. Baiosi yake ilikuwa ya zamani kuliko prosesa yetu, na kuisasisha kulihitaji prosesa ya zamani ambayo hatukuwa nayo. Muuzaji hakujibu tena ujumbe. Haki ya miaka mitatu ya kulalamikia bidhaa mbovu ni ya anayenunua kwa mfanyabiashara, si kwa mtu binafsi. Kaka wa mwenzetu alikuja kutoka Södertälje na Ryzen yake kuukuu mfukoni, akatuazima kwa nusu saa, akanywa chai yetu yote.

Ushauri kuhusu pawasapulai ulitoka Dar es Salaam. Binamu wa mmoja wetu ni fundi Kariakoo, akatutumia sauti: “Wadogo zangu, kwingine kote banieni, kwenye pawa msibanie. Pawa mbovu ikiondoka haiondoki peke yake.” Tulinunua mpya, wati 450, inatosha na kubaki. Diski ni SSD ya terabaiti moja. Saa moja ya sauti isiyobanwa huchukua takriban jigabaiti moja, kwa hiyo tuna nafasi ya wazee wengi.

Tuliweka Linux, na hapo mwalimu wetu mmoja akatukumbusha jambo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa kushirikiana na wataalamu wa Kiswidi na kwa fedha za Sida. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Sisi tulibishana tukiandika lebo za kasha: Wakenya walitaka tarakilishi, Watanzania wakasema kompyuta inatosha, na fundi wa Kariakoo alipoulizwa kuhusu ubao mama akacheka, akasema, “Madabodi.”

Lebo zimeandikwa majina yote mawili. Zilibaki krona 310, na tunahitaji diski ya pili ya nakala, itakayokaa nyumba nyingine. Maandazi yatauzwa Alhamisi, ukumbini, saa sita mchana.