Ahadi za ugavana zipimwe kwa kazi za kaunti

Wakazi wa Mombasa walipomchagua gavana Agosti 29, 2022, baada ya kura kuahirishwa kutokana na dosari kwenye karatasi za kura, wawaniaji wakuu walikuwa wanasiasa wenye tajriba ya bunge. Abdulswamad Nassir wa ODM, aliyeibuka mshindi, alikuwa mbunge wa Mvita tangu 2013. Hassan Omar wa UDA alikuwa seneta kati ya 2013 na 2017.

Hata hivyo, rekodi hizo si rahisi kulinganishwa. Mbunge hutunga sheria, naye seneta hufuatilia fedha za kaunti. Gavana ndiye huajiri wauguzi, huendesha hospitali na masoko, na husimamia shule za chekechea.

Katiba ya 2010 iliacha polisi, shule za upili na vyuo vikuu mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Basi mwaniaji anayeahidi kuongeza polisi mtaani anaahidi kisicho chake, hata akishangiliwa namna gani. Anayeahidi dawa katika zahanati aulizwe bajeti itatoka wapi, kwani haipiti bila madiwani, ambao wapigakura wengi huwachagua bila kuwauliza lolote.