Mali bila daftari

Wiki hii tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi tunacho majumbani lakini hatukithamini, yaani picha za hospitali. Hapa Mkolani ninakoishi, ziko nyumba nyingi ambamo filamu ya eksirei ya mgonjwa aliyekwisha pona, au aliyekwisha fariki, imelazwa chini ya godoro. Kwa wenyewe hiyo ni kumbukumbu. Kwa mwalimu wa udaktari huo ni ukurasa wa kitabu.

Kusoma picha ya mwili hakufundishwi kwa maneno matupu. Jicho la daktari hujengeka kwa kuona picha nyingi, za wazima na za wagonjwa, kama mchuuzi wa pale Mwaloni anavyomtambua sato wa leo na wa jana bila kuambiwa. Tatizo ni kwamba vitabu vingi vya picha vimetungwa Ulaya na Marekani, navyo vimejaa maradhi ya huko. Mwanafunzi wa Mwanza anahitaji kuyaona maradhi ya ziwa hili.

Tuchukue mfano wa kichocho cha tumbo. Minyoo yake huishi katika mishipa ya damu ya utumbo. Baadhi ya mayai, badala ya kutoka na choo, huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa humo. Mwili hujenga makovu kuzunguka mishipa, na damu ikikosa njia hupitia mishipa midogo ya umio, ambayo huvimba. Siku ikipasuka, mtu hutapika damu. Ubaya wake ni kwamba vipimo vya damu vya ini vinaweza kuonyesha hali nzuri ilhali makovu yamekwisha enea. Altrasaundi ndiyo inayoyaona, lakini iwapo tu anayeitazama amekwisha kuyaona kabla. Asiyeyajua anaweza kudhani ni ini lililoharibiwa na pombe, na mvuvi asiyeonja pombe akatoka hospitali na aibu isiyo yake, bila dawa inayomfaa.

Wataalamu walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1996 walikutana Niamey, nchini Niger, na mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani likachapisha mwongozo wa altrasaundi ya kichocho. Humo ini limepangwa kwa herufi. A ni ini la kawaida. B lina vidoa kama anga yenye nyota. C lina pete kuzunguka mishipa. Huendelea hivyo hadi F, ambapo kovu hufika ukingoni mwa ini kama ukucha wa ndege. Mpimaji huilinganisha picha ya mgonjwa wake na zile za mwongozo. Basi huo ndio ufunguo wa makusanyo ya kufundishia: kuwa na picha za kulinganishia.

Leo kompyuta imerahisisha kazi. Tangu mwaka 1993 upo utaratibu wa kimataifa uitwao DICOM, ambao huwezesha picha iliyopigwa na mashine ya kampuni moja kufunguliwa na programu ya kampuni nyingine. Lakini kurundika picha katika kompyuta si kufanya makusanyo. Kila picha yahitaji maelezo mafupi ya mgonjwa: umri, kazi yake na dalili alizokuja nazo. Yahitaji swali kwanza na jibu baadaye, ili mwanafunzi afikiri mwenyewe. Tena jibu liwe limethibitishwa kwa upasuaji au kipimo cha maabara, kwani jibu la kubahatisha litawapotosha wanafunzi miaka mingi. Aidha ziwemo picha za watu wazima, na za maradhi yanayofanana. Na kwa kuwa intaneti haishikiki kila mahali, makusanyo yawekwe hata katika kompyuta isiyounganishwa popote.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Faili la picha hubeba ndani yake jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali. Katika altrasaundi mara nyingi jina limeandikwa juu ya picha yenyewe, hivyo kulifuta ndani ya faili tu hakutoshi. Hata skani ya kichwa inaweza kuundwa upya na kompyuta ikatoa sura ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo mgonjwa aelezwe na aombwe ridhaa, na jina lake liondolewe kabla picha haijatoka chumbani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanda yetu inayo Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, na chuo cha udaktari kilichoanza hapo mwaka 2003. Wagonjwa wanatoka visiwani na vijijini kote kuja huko, kila mmoja na somo lake mwilini. Mgonjwa wa jana hatuwezi kumrudisha, lakini picha yake ikitunzwa kwa heshima inaweza kumfumbua macho daktari kijana atakayempokea mgonjwa wa kesho. Nasi tukiombwa ridhaa, tusisite.