Pikapu hudumu Burat kwa oili safi, si kwa nguvu za injini

KATIKA wadi ya Burat, kaunti ya Isiolo, pikapu ya kuhimili njia mbovu si chombo cha anasa. Ndiyo hubeba mbuzi hadi mnadani, maziwa ya ngamia hadi mjini kabla hayajaharibika, na mama mjamzito anayehitaji kufikishwa hospitalini usiku wa manane. Inapokwama njiani, hasara haiishii kwa mwenye gari pekee.

Hata hivyo, mara nyingi kinachoikwamisha si mwamba wala mteremko. Ni oili iliyoingiwa na maji bila dereva kujua, radieta iliyojazwa maji ya chumvi, au mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa tangu gari linunuliwe. Magari yaliyoundwa kustahimili miongo kadhaa huharibika mapema kwa sababu ya uzembe mdogo ambao ungerekebishwa kwa spana moja na lita chache za oili.

Chanzo cha tatizo hili ni rahisi kueleza. Ratiba ambayo mafundi wengi huifuata ilipangiwa barabara ya lami. Burat ni nchi ya joto, vumbi na mito ya msimu, maarufu kama laga, ambayo hukauka kabisa kisha ikafurika ghafla mvua inaponyesha. Vitabu vya watengenezaji magari huwa na ratiba ya pili kwa mazingira ya aina hiyo, na kwa kawaida hupunguza muda wa huduma hadi nusu. Ratiba hiyo ndiyo inayopaswa kufuatwa.

Gari lenyewe

Kaskazini mwa Kenya, pikapu iliyojijengea sifa kuliko nyingine ni Toyota Land Cruiser ya msururu wa 70, ulioanza kuuzwa mwaka wa 1984. Hutumiwa na polisi, mashirika ya misaada, walinzi wa wanyamapori na wafanyabiashara wa mifugo.

Aina iliyozoeleka sana ni ile yenye injini ya dizeli ya 1HZ, iliyotokea mwaka wa 1990. Injini hiyo ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Haina turbo wala kompyuta ya kupima dizeli inayoingia. Nguvu zake ni karibu farasi 130 tu, jambo ambalo huwashangaza wanaozilinganisha na pikapu za kisasa. Lakini msukumo wake mkubwa hupatikana injini ikizunguka mara 2,200 hivi kwa dakika, na hiyo ndiyo kasi inayofaa mchangani na kwenye mawe.

Chini yake kuna fremu nene ya chuma, na nyuma springi za majani zinazobeba zaidi ya tani moja. Tangu mwaka wa 1999, ekseli ya mbele imekuwa ikitumia springi za mviringo. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma katika pikapu ya kabini moja ni sentimita 318. Dereva huchagua mwenyewe wakati wa kutumia magurudumu yote manne, na kuna gia za chini za kupandia na kuvukia.

Mfumo huu una maana kubwa kwa anayelitunza gari. Pikapu hii haina sehemu moja tu ya kutiwa oili. Kuna injini, giaboksi, kisanduku cha kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, difu ya mbele na difu ya nyuma. Kila sehemu ina oili yake, na kila moja inaweza kuharibika peke yake huku nyingine zikiwa salama. Anayebadilisha oili ya injini pekee na kudhani gari limehudumiwa ameshughulikia sehemu moja kati ya tano.

Maji huingiaje kwenye difu?

Hili ndilo jambo ambalo madereva wengi hawalifahamu. Gari likitembea kwa saa nzima juani, difu hupata joto kali na hewa iliyomo ndani hutanuka. Ili hewa hiyo isipasue sili, difu huwa na tundu dogo la kupumulia, lenye kifuniko kinachoruhusu hewa kutoka.

Dereva akifika mtoni na kuingia moja kwa moja, difu yenye moto huzama katika maji baridi. Hewa iliyo ndani hunywea ghafla, na difu huvuta pumzi. Ikiwa kifuniko cha tundu kimeziba kwa vumbi au kimevunjika, maji huvutwa ndani kupitia tundu hilo au kupitia kingo za sili zilizochakaa. Gari huvuka salama, dereva akafurahi, na safari ikaendelea. Kumbe oili imekwisha kuingiwa na maji.

Oili iliyochanganyika na maji hubadilika rangi ikafanana na chai ya maziwa. Haiwezi tena kuweka utando kati ya meno ya gia, na meno hayo huanza kulana. Beringi nazo hushika kutu gari linapoegeshwa. Baada ya wiki kadhaa mlio husikika chini ya gari, na kufikia hapo gia za difu huwa zimeharibika. Badala ya lita tatu hivi za oili, mwenye gari hujikuta akinunua difu nzima.

Kinga yake haina gharama. Kwanza, dereva asimame kabla ya kuvuka, aache gari lipoe kwa dakika 10 hadi 15, na atumie muda huo kupima kina kwa kutembea majini, iwapo mkondo si wa kasi. Maji yaliyopita magoti na yanayokwenda mbio yanaweza kulisukuma gari, na hapo busara ni kusubiri. Laga iliyofurika asubuhi huenda ikapitika jioni.

Pili, avuke kwa gia ya chini, kwa mwendo wa taratibu, bila kubadilisha gia katikati. Injini ikizimika kwa kunywa maji, asijaribu kuiwasha tena. Maji hayashindiliki kama hewa, hivyo pistoni zikiyakuta ndani ya silinda vikono vyake hupinda.

Tatu, akifika ng'ambo akanyage breki mara kadhaa ili zikauke. Kesho yake, gari likiwa limetulia usiku kucha, alegeze kizibo cha chini cha kila difu kidogo tu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hivyo hukaa chini na ndiyo hutangulia kutoka. Akiona tone la maji au oili nyeupe, oili yote imwagwe na kubadilishwa siku hiyo hiyo.

Fundi mwangalifu hufungua kwanza kizibo cha juu cha kujazia kabla ya kufungua kile cha kumwagia. Cha juu kikiwa kimekwama kwa kutu na oili tayari imemwagika, gari haliwezi kujazwa wala kuondoka.

Oili gani, na kiasi gani?

Injini ya 1HZ huchukua karibu lita 10 za oili pamoja na filta. Oili ya dizeli ya kiwango cha 15W-40 inafaa katika joto la Isiolo. Kwa kazi za Burat, ibadilishwe pamoja na filta kila kilomita 5,000. Oili ya dizeli kugeuka nyeusi mapema si dalili ya ubaya, kwa maana kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Dalili ya hatari ni povu la rangi ya maziwa kwenye kifuniko cha kujazia, au kiwango kinachopanda chenyewe kwenye kijiti cha kupimia.

Difu hutumia oili nzito ya gia ya daraja la GL-5, takriban lita tatu kila moja. Palipo na laga, zikaguliwe kila baada ya kuvuka, na oili ibadilishwe kila kilomita 20,000 hata kama haijaona maji. Giaboksi na kisanduku cha kugawa nguvu navyo vihudumiwe wakati huo huo. Oili yoyote ya kupimiwa kutoka kwenye mtungi usio na nembo ni ya kuepukwa, kwa kuwa mnunuzi hawezi kujua ilitoka wapi.

Grisi nayo ina ratiba yake. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli zina vinyonyo vya grisi, na hivi visindikwe kila kilomita 5,000 na kila baada ya kuingia majini, mpaka grisi ya zamani itoke. Mbele, nyuma ya kila gurudumu, kuna tufe la chuma linaloruhusu gurudumu kugeuka huku likizungushwa. Ndani yake mna grisi. Tufe hilo likianza kuvuja ute mwepesi mweusi, ujue sili ya ndani imekatika na oili ya difu inaingia kwenye grisi. Kuendelea hivyo ni kuihatarisha difu pamoja na beringi za gurudumu.

Joto na maji ya radieta

Mji wa Isiolo uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji ya kawaida huchemka yakifikia takriban nyuzi 96 za Selsiasi, joto ambalo injini inayopanda kilima ikiwa na mzigo hulikaribia. Kinachozuia maji yasichemke ni mambo mawili: dawa ya radieta, na kifuniko kinachohifadhi shinikizo. Kifuniko chenye mpira uliokufa, ingawa ni kitu kidogo, kinatosha kuipasua gasketi ya kichwa cha injini.

Maji ya visima vingi vya maeneo makavu yana chumvi na madini. Yakichemka ndani ya injini huacha ukoko kama ule wa sufuria, na ukoko huo huzuia joto kutoka. Ni heri kuchanganya dawa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, na kubadilisha mchanganyiko huo kila miaka miwili. Maji ya kisima yabaki kuwa ya dharura, na yakishatumiwa radieta isafishwe mapema.

Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto, maana mvuke unaotoka huunguza uso na mikono.

Wafugaji wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Dawa nyingi za radieta zina sumu yenye ladha tamu, na mnyama anayelamba kidimbwi kilichomwagwa kando ya boma anaweza kufa kwa figo kuharibika. Haifai kumwagwa ovyo. Oili chakavu vilevile isimwagwe lagani wala karibu na mto Isiolo au Ewaso Ng'iro, kwa kuwa watu na mifugo wa upande wa chini huyategemea maji hayo hayo.

Breki na dizeli

Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hustahimili zaidi ya nyuzi 200 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka yakifika nyuzi 140 hivi. Gari lenye mzigo likiteremka kutoka Subuiga, kwenye miinuko ya Mlima Kenya, hadi Isiolo, breki hupata moto mwingi. Mafuta yakichemka hutoa mapovu, pedali ikazama, na gari halisimami. Yabadilishwe kila miaka miwili, na dereva atumie gia kupunguza mwendo.

Dizeli nayo ni kilainishi. Pampu ya injini hii haina oili nyingine, bali hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa huikausha pampu hiyo. Uchanganyaji huo ulienea kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya walanguzi. Aidha, dizeli ya mitungi huwa na maji, hivyo kitenga-maji kilicho kando ya filta kifunguliwe na kumwagwa kila mara, hasa msimu wa mvua.

Daftari ndani ya gari

Mara nyingi pikapu moja huendeshwa na madereva wawili au watatu, na kila mmoja hudhani mwenzake amekagua. Daftari la shilingi chache, likiwekwa kwenye droo ya gari, huondoa shaka hiyo. Liandikwe tarehe, kilomita, oili iliyobadilishwa na kila mto uliovukwa.

Kila asubuhi kabla ya safari, dakika tano zinatosha: oili ya injini, maji ya radieta, mafuta ya breki na klachi, na kuinama kutazama kama kuna tone jipya mchangani. Mvua kubwa za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zinapokaribia, matundu ya kupumulia yasafishwe na sili zikaguliwe. Atakayefanya hivyo ana uhakika zaidi kwamba, simu ya dharura ikipigwa usiku kutoka bomani, gari litafika na kurudi.