Rozari Inapokatika

Rozari ya makumi matano ina punje 59, na mara nyingi hukatika pale kwenye medali, mzunguko unapokutana na kipande chenye msalaba, kwa kuwa hapo ndipo inapovutwa zaidi. Ya waya hutengenezeka kwa urahisi: pete iliyofunguka hubanwa kwa koleo ndogo hadi ncha zake zigusane kabisa. Ya uzi uliolika ni heri itungwe upya yote, maana fundo la kuungia halidumu. Tena hakuna sababu ya kuogopa kuitengeneza. Kwa kanuni za Kanisa, rehema iliyoambatanishwa na kifaa cha ibada hukoma tu kinapoharibika kabisa au kinapouzwa. Kilichobarikiwa kikishindikana kutengenezwa hakitupwi jalalani: cha mti au kitambaa huchomwa, cha chuma hufukiwa ardhini.