Namba iliyomkanusha Fermat

Zidisha 2 kwa 2 hadi ufikie 2³², kisha ongeza 1. Utapata 4,294,967,297. Haigawanyiki kwa 3, wala 5, wala 7, na hata ukipanda hadi namba za mamia ya kwanza bado kila mara linabaki baki. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliamini kuwa hii ni namba tasa, yaani haina vigawo ila 1 na yenyewe.

Hakuamini bure. Katika mfuatano wake, ukitoa 1 kwenye namba, ukazidisha jibu kwa lenyewe na kurudisha 1, unapata namba inayofuata: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 Fermat aliandika kuwa zinazofuata nazo ni tasa, ingawa uthibitisho hakuwa nao. Mpaka leo, hakuna aliyepata namba tasa ya sita katika mfuatano huo.

Namba yetu ya mwanzo, 4,294,967,297, ndiyo inayofuata 65,537. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa namba hii ni 641 × 6,700,417. Anayetafuta kigawo kwa kubahatisha ana namba tasa zaidi ya 6,000 za kujaribu. Lakini Euler alithibitisha kuwa kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Hapo zinabaki 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641 yenyewe.

Uzuri hasa uko ndani ya 641, kwa sababu ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Tuhesabu kwa baki za kugawanya kwa 641 tu. Kutokana na umbo la kwanza, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Tukiipandisha kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Umbo la pili linasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka hiyo mahali pake: −2³² ni sawa na 1, kwa hiyo 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki. Hakuna hata haja ya kuiandika namba yenyewe. Kwangu mimi, hesabu chache fupi kama hii zina nguvu kiasi hicho.

Kuna ushahidi mwingine. Namba hii ni 65,536² + 1², lakini pia ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuandikwa kwa njia mbili tofauti kama jumla ya namba mraba mbili. Njia ya pili peke yake inatosha kuonyesha kuwa vigawo vipo. Na kanuni hiyo aliiandika Fermat mwenyewe, katika barua ya Desemba 1640.